Majina Chini ya Nta

Kila mwaka, Kwaresima ikifika katikati, Adélaïde hufunga mlango wa nyumba yake ya Juru mchana kutwa, na majirani wanajua asisumbuliwe. Anakata mapambo ya mshumaa wa Pasaka. Msalaba, alfa na omega, mwanakondoo, tarakimu nne za mwaka, na vifundo vitano vya kufunika punje za ubani. Vyote vinatoka kwenye bapa la nta jembamba kama ganda la kitunguu. Mlango haufungwi kwa sababu ya siri. Unafungwa kwa sababu ya vumbi la Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ambalo likishika nta halitoki tena.

Kazi hiyo aliianza Rumonge, Burundi, akiwa msichana wa miaka kumi na minne, binti wa fundi baiskeli. Mtawa mmoja mzee aliyeitwa Masera Yozefa aliona vidole vyake vyembamba akamkalisha mezani, akampa kisu kidogo. Masera hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfundisha kukata, kupasha na kubandika, na alimwachia makatazo mawili. La kwanza, mshumaa wa Pasaka ni kazi ya nyuki, usitiwe mafuta ya kiwandani. La pili, usiandikwe jina la binadamu yeyote, kwa kuwa mwenye mshumaa ule ni mmoja tu.

Mwaka 2015 mambo yalipoharibika Burundi, Adélaïde alikuwa mjane tayari. Alimshika mkono binti yake Diane, wakatoka. Nakivale walipewa kiwanja huko Juru, wakalima maharage na mahindi kama kila mtu. Pasaka yao ya kwanza kambini, kanisani uliwashwa mshumaa wa dukani uliogandishwa karatasi yenye msalaba uliochorwa kwa kalamu. Karatasi ikashika moto katikati ya Injili. Adélaïde aliona aibu kana kwamba kosa ni lake, na mwaka uliofuata akamwendea katekista akasema, "Niachieni mimi."

Nta alinunua kwa mfuga nyuki wa pale pale Juru. Rangi nyekundu aliipata kwa kuyeyusha kalamu za nta za watoto wa shule, dhahabu akaikata kwenye karatasi za ndani ya pakiti za sigara. Jina lake likasambaa. Sista Goretti, mtawa Mnyankore anayetunza kanisa dogo huko Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi mjini Mbarara, alikuja kambini kutembelea wagonjwa, akauona mshumaa, akasimama akiutazama kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo Adélaïde akawa anatengeneza miwili kila mwaka, mmoja wa Juru na mmoja wa Nyamitanga. Diane naye alikuja kuolewa mjini, akahamia Kamukuzi, kwa hiyo mama yake alikuwa na pa kulala kila alipopeleka kazi.

Sasa, viwanja viwili kutoka kwake aliishi mwanamke Mkongomani, Pascaline, ambaye watu walimwita Mama Ushindi. Alitoka Fizi, Kivu ya Kusini. Usiku kijiji chao kiliposhambuliwa, yeye alikimbilia upande mmoja wa mto, watoto wake watatu upande mwingine: Ushindi, Bienfait na Sonia. Hakuwaona tena. Wenzake waliofika kambini baadaye walimwambia asisubiri, wote watatu waliuawa. Pascaline hakupiga kelele, hakuanguka. Alileta kigoda mlangoni, akachukua rozari, akaanza kusali. Akimaliza Salamu Maria kumi anapumzika kidogo, anataja jina la mtoto mmoja, kisha anaanza kumi nyingine. Ushindi. Bienfait. Sonia. Kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata wapita njia wakazoea, kama mtu anavyozoea sauti ya kinu.

Kwaresima ya mwaka 2023 alibisha mlango wa Adélaïde.

"Mama Diane," alisema, "uniandikie majina ya batoto bangu pa mushumaa. Hata mu herufi kadogo, fasi batu habatayaona. Habana kaburi. Nitabalilia fasi gani?"

Adélaïde alikuwa na kisu mkononi. Alimkumbuka Masera Yozefa. "Mama Ushindi, nisamehe," alisema. "Ule mshumaa ni wa Kristo peke yake. Siwezi." Na ili asimrudishe mikono mitupu, alimpa msalaba mdogo wa nta nyekundu uliobaki mezani. Pascaline aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda. Hakuuliza tena. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza alishikwa na homa, akafa peke yake ndani ya nyumba, akakutwa siku ya pili. Alikuwa hana ndugu. Mwenyekiti wa kijiji akatia kufuli mlangoni, na kiwanja kikakaa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watoto waliotoka kuchota maji walisema Mama Ushindi anasali ndani. Watu wazima wakawakemea, kisha wakaanza wenyewe kuzunguka njia ya nyuma. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Adélaïde hakupita njia ile kabisa, lakini yeye alikuwa na sababu nyingine.

Mwaka 2025 mvua zilichelewa. Nicodème, yule mfuga nyuki, alikuja mwezi wa tatu mikono nyuma. "Nyuki zimekimbia zote, Mama Diane," alisema. "Batu bamepuliza dawa mu maharage. Mizinga yangu ni matupu. Nta haiko."

"Haiko hata kidogo?"

Nicodème alikuna shingo. "Iko fasi moja tu. Kundi mukubwa limeingia mu nyumba ya Mama Ushindi. Nimeyaona yakipita pa dirisha. Ndiyo ile kelele batu banasema ni sala. Nyuki zikiwa mingi fasi ya giza, zinavuma kama batu benye kusali."

Adélaïde alicheka, na moyo wake ukapata nafuu. Miezi yote ile, kumbe ni nyuki! Walikwenda kwa mwenyekiti wakapewa ufunguo. Mwenyekiti alisema ana mgeni, hawezi kufuatana nao.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, hakuna kivuli. Nicodème alibeba ndoo na gunia bichi la kufukiza moshi. Walipofika kwenye ua waliusikia mvumo. Ulikuwa mzito, wa chini, unatoka kila upande wa ukuta kwa wakati mmoja. Adélaïde alisimama aweke kilemba sawa, na akiwa amesimama vile akagundua kwamba mvumo ulikuwa na mapigo. Unapanda, unashuka. Unapanda, unashuka. Bila kukusudia alihesabu. Ulipofika kumi ukakatika. Kimya kikaingia, kifupi, cha mtu kumeza mate. Kisha ukaanza tena.

"Nicodème," alisema taratibu, "nyuki hupumzika?"

Nicodème aliweka ndoo chini. Aliwasha gunia, akafungua kufuli.

Ndani mlikuwa na baridi. Sega moja kubwa lilianzia kwenye mti wa paa, likashuka juu ya kitanda cha Pascaline hadi karibu kugusa mkeka, jeupe, pana kama shuka lililoanikwa. Nyuki walilifunika kama ngozi. Hawakuruka. Hakuna aliyewajia usoni. Nicodème alipuliza moshi, wakasogea kando polepole, kundi zima pamoja, kama watu wanaompisha mgeni.

"Miaka makumi mbili nachunga nyuki," alinong'ona Nicodème, "sijaona vile."

Alikata kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Akakata kingine. Uso wake ukabadilika. Sega lote lilikuwa tupu. Hakuna tone la asali, hakuna buu hata mmoja, vyumba maelfu kwa maelfu, visafi, havijawahi kukaliwa.

"Zimejenga tu," alisema. "Zimejenga nyumba, hazikuweka mutoto."

Adélaïde alikuwa anatazama ukutani. Pale juu ya kitanda, kwenye msumari, ulining'inia ule msalaba mwekundu aliompa Pascaline. Nyuki huiba nta wakiikuta, huipeleka kwenye kazi yao. Msalaba huu hawakuugusa. Walikuwa wamejenga kuuzunguka pande zote, wakaacha nafasi ya upana wa kiganja, sawasawa, kama iliyopimwa. Walijaza ndoo mbili, wakafunga mlango. Nyuma yao mvumo ukaendelea pale ulipoachia.

Nta ile ilikuwa safi kuliko zote alizowahi kushika. Aliiyeyusha, akaichuja kwa kitambaa, akaumimina kwanza mshumaa wa Nyamitanga ndani ya bomba la bati, akauacha ugande. Kesho yake akafunga mlango, akakata mapambo. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka alipoanza kubandika. Nta hushikana na nta kwa joto la kidole tu. Aliubandika msalaba, akahesabu hadi ishirini, akaachia. Ukaanguka. Akaupasha zaidi, akaubandika tena. Ukaanguka. Alibandika alfa, ikaanguka. Tarakimu ya mbili ilidondoka ikavunjika sakafuni.

Ndipo aliposikia nyuki. Alidhani ameingia mmoja, akatazama dirishani, akatazama paani. Hakuna. Akauinamia mshumaa, akaweka sikio. Nta ilikuwa vuguvugu, ingawa ilikuwa imeganda tangu jana, na ndani yake, mbali kama mtu anayesali ng'ambo ya bonde, mvumo ulikuwa unapanda na kushuka. Adélaïde hakuthubutu kuondoa sikio. Ilipotimia kumi kukawa kimya, na katika kimya kile pumzi ikatamka jina.

Alikaa chini. Alilia kidogo, kwa hofu na kwa aibu pia, maana alijua tangu siku ile kwamba hakumtendea jirani yake haki. Kisha akafuta macho, akasema kwa sauti, "Mama Ushindi, nimekuelewa."

Alichukua sindano. Sehemu ya juu ya mshumaa, vidole viwili chini ya utambi, aliandika Ushindi. Chini yake Bienfait. Chini yake Sonia. Kila jina alilipa nafasi yake, likizunguka mshumaa kama pete. Akayafunika kwa bapa jembamba, na juu ya bapa akatia majani ya mzabibu, ili jicho lione pambo tu. Akabandika msalaba. Ukashika. Alfa ikashika, tarakimu zote nne zikashika. Akaweka sikio tena, akasikia ukimya wa nta baridi. Mshumaa wa Juru aliutengeneza siku ya pili bila tatizo lolote. Usiku ule alilala kama mtoto, akiamini amemaliza.

Sista Goretti aliupokea mshumaa wake wiki ya matawi. "Eh, Mama! Hii iko muzuri kushinda ya ile mwaka ingine," alisema, akigusa majani ya mzabibu kwa ncha ya kidole. Jumamosi Kuu ukawashwa, na baada ya hapo ukawa unawashwa kila siku mara mbili, kwenye misa ya asubuhi na kwenye sala ya jioni. Ndiyo desturi ya kanisa lile hadi Pentekoste.

Mnamo tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano simu ilimkuta Adélaïde shambani.

"Mama, hii mushumaa yako nakataa," alisema Sista Goretti. "Tunawasha, moto nazima. Siku ya tatu hii. Upepo hakuna. Mimi nafunga dirisha yote, nazima tu. Wewe kuja kuona."

Alipata nafasi ya kusafiri siku ya Alhamisi. Alivuka Rwizi kwa miguu, akapanda kilima, akamkuta Sista anamngoja mlangoni mwa kanisa. Ndani hapakuwa na mtu mwingine. Madirisha yalikuwa yamefungwa na hewa ilisimama. Sista akawasha njiti, akaugusisha utambi.

Moto ulishika vizuri, ukanyanyuka, ukasimama. Kisha ukainama, wote, kuelekea chini, kama kuna mdomo uliouvuta kutoka ndani ya nta. Ukazimika. Moshi ukapanda wima hadi dari.

"Umeona?" alisema Sista kwa sauti ndogo.

Adélaïde alisogea. Majani ya juu ya mzabibu yalikuwa yamekwisha kuliwa na moto. Ushindi hayupo. Bienfait hayupo. Shimo la utambi lilikuwa limefika pembeni kabisa mwa herufi ya kwanza ya Sonia, na hapo limesimama. Alijaribu utambi kwa vidole, mkavu. Alikata ncha yake, akaiwasha peke yake juu ya kisahani, ikawaka mpaka ikawa majivu. Utambi ulikuwa mzima. Nta ilikuwa ile ile.

Alibaki ameshika ukingo wa altare. Wazo lilimjia polepole. Pascaline hakuwahi kuona maiti. Aliambiwa. Na hao waliomwambia, waliona? Au nao waliambiwa?

"Mama, ndani kuna nini?" aliuliza Sista.

Akamweleza yote, kuanzia msalaba mdogo mpaka sindano. Alitegemea kukemewa. Sista Goretti alifanya ishara ya msalaba, halafu akasema, "Wewe naweka jina ya mutu muzima pamoja na watu walikufa. Toa, Mama. Toa sasa hivi."

Adélaïde alikitoa kisu. Alipobandua bapa, mshumaa wote ulikuwa baridi, ila palipoandikwa jina lile palikuwa na joto, joto la shingo ya mtu mwenye homa. Alikwangua herufi moja moja, akaanza na ya mwisho, akajaza nta mpya, akailainisha mpaka pakawa hapana alama. Sista akawasha. Moto ukasimama, ukatulia, na ukaendelea kuwaka wakiwa wamepiga magoti pale mpaka magoti yao yakauma. Mshumaa ule haukuzima tena hadi Pentekoste.

Aliporudi kambini hakupumzika. Alikwenda Base Camp, kitovu cha kambi, kwenye ofisi inayopokea majina ya watu waliopotezana na jamaa zao, akapanga foleni. Alitaja Sonia, binti wa Pascaline, wa Fizi, umri labda miaka ishirini na minne.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza karani.

Adélaïde alifikiri. "Jirani ya mama yake," alisema.

Miezi ikapita. Alivuna maharage, akapanda tena. Aliwahi kujiambia kwamba amejidanganya, kwamba ulikuwa utambi mbovu na akili ya mwanamke mwenye hatia. Mwezi wa kumi na moja karani alimpigia, akampa namba ya Tanzania. Sonia yupo. Yupo kambi ya Nyarugusu, ameolewa, ana mtoto mmoja.

Alipiga akiwa amekaa kitandani. Sauti iliyojibu ilikuwa ile ile ya mlangoni kwa jirani, ila changa. Alimweleza kuhusu kifo cha mama yake. Alimwacha alie. Wao watatu walipovuka mto usiku ule, alisema Sonia baadaye, Bienfait alizama mbele ya macho yake, na Ushindi alipigwa risasi ukingoni. Yeye alibebwa na watu wasiomjua.

"Mama alikuwa ananitajaga?" aliuliza.

"Kila siku. Wa mwisho kila mara ulikuwa wewe."

Kisha Sonia akasema, kama mtu anayezungumza ili asilie tena, "Mama, hata mimi nilikuwa karibu kumufuata mwaka huu. Ilianza nyuma ya Pasaka. Kila asubuhi na kila magaribi pumzi inakatika, kama mutu ananivuta roho na kamba. Kila siku inazidi. Pa hospitali banapima, habaone kitu. Bwana yangu alikuwa ameisha kuita batu ya sala. Kisha Alhamisi moja, mwezi wa tano, ikaachia. Pale pale. Nikaamuka nikaomba ugali."

Adélaïde aliiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Mama? Uko?"

"Niko, mwanangu," alisema. "Niko. Ni mtandao."

Hakumwambia siku ile, na hajamwambia mpaka leo. Huzungumza mara kwa mara, Sonia humwita mama, na Adélaïde huitika. Lakini kila akiitika huona ule moto mdogo, asubuhi na jioni, ukishuka kidogo kidogo kwenye nta aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, na huhesabu ni upana wa unywele mmoja uliobaki.

Kuhusu nyumba, Nicodème alikwenda kuitazama wiki ya Pentekoste, akaikuta haina nyuki, wala wafu wao sakafuni. Ni yeye aliyeeneza habari, maana Adélaïde alikuwa amemsimulia kuhusu majina, na kunyamaza hakumo katika vipaji vyake. Kwaresima ya mwaka huu watu walianza kufika kwa Adélaïde na vikaratasi. Warundi, Wakongomani, hata mwalimu mmoja kutoka mjini. Wanataka majina ya watu wao yatiwe chini ya nta. Alikwenda kumuuliza padri, na padri alimsikiliza mpaka mwisho, akasema atasali kwanza kabla ya kumjibu. Bado hajamjibu. Kwa hiyo Adélaïde amejiwekea sharti lake mwenyewe.

Wiki iliyopita alikuja Jean-Paul, mwanaume wa makamo anayetengeneza viatu sokoni. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Jina lilikuwa moja tu, la mdogo wake.

Adélaïde hakuisoma. "Ulimzika?" aliuliza.

"Mama?"

"Nauliza, ulimzika kwa mikono yako? Ulimwona akiingia ardhini?"

Jean-Paul alitazama viatu vyake. "Hapana. Niliambiwa."

"Nani alikuambia?"

Jean-Paul alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na kukuta tundu. Adélaïde aliikunja karatasi vilevile ilivyokuwa, akaitia kiganjani mwake, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Ofisi ya Base Camp iko wazi Jumanne na Alhamisi," alisema. "Wahi mapema, foleni ni ndefu."

Jean-Paul hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na karatasi mkononi, midomo yake ikitembea bila sauti, na mvua ilipoanza kunyesha Adélaïde alimsogezea kigoda ndani.